Saa uliyozaliwa

Arua, Jumatatu usiku

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unataka kujua ulizaliwa saa ngapi hasa, kwa kuwa yule mtabiri wa nyota unayemsoma kila Jumapili anadai saa na dakika. Wiki hii amewaambia watu wa nyota ya Kaa, nyota yako, wajikunyate ndani ya gamba: sayari ya Zebaki inarudi nyuma, msitie saini, msitume barua, subirini. Na watu wa Kampala wanataka jibu lako la kazi kabla ya Ijumaa. Huko Leipzig, unasema, jua linachwa karibu saa tatu na nusu usiku, wenzako wote wako likizo, maabara imebaki wewe na mlio wa friji.

Kadi yako ninayo. Imo kwenye kopo la biskuti, pamoja na hati ya kiwanja na pete ya marehemu baba yako. Imeandikwa tarehe 9 Julai 1998, saa 8. Basi. Mkunga kama alihesabu kizungu, ni saa mbili asubuhi yetu. Kama alihesabu tunavyohesabu sisi, ni saa nane usiku. Uchungu ulinishika tangu magharibi. Nakumbuka mvua juu ya mabati na chemli inayofuka moshi, lakini nakumbuka pia harufu ya uji, na uji ule ulikuwa wa asubuhi. Tofauti ni saa sita. Mtabiri wako anasema nyota inayochomoza hubadilika kila saa mbili hivi. Basi hapo keshakosa nyota tatu.

Bibi yako angekujibu kwa neno moja: saa haimpikii mtu. Alilisema kwa kila jambo, na mimi nimelirithi kama nilivyorithi sufuria zake.

Lakini ulipoandika "subirini", nilishtuka, maana neno hilo nalijua. Sijawahi kukusimulia lote. Unajua tu kwamba mama yako alitaka kuwa muuguzi akaishia kuuza vitenge.

Mwaka 1996 nilipata nafasi katika chuo kimoja Kampala. Barua ilisema niripoti Jumatatu, tarehe 8 Julai. Babu yako akamwita mwalimu mmoja wa falaki, mpiga hesabu za nyota. Alikaa pale ukumbini, akailamba penseli, akahesabu herufi za jina langu na za jina la mama yangu, akagawanya kwa kumi na mbili. Ikabaki nane. Nane ni nyota ya Nge. Akasema tumo ndani ya mwezi wa Safar, Nge asisafiri mpaka mwezi uandame. Baba akaikunja barua yangu ya chuo, akaitia mfuko wa shati, akasema, "Utangoja." Sanduku langu lilikaa mlangoni siku tisa. Nililia mpaka bibi yako akagombana naye, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi.

Nilifika chuoni nikakuta kitanda changu kina shuka la mtu. Chini yake beseni la buluu, jipya, bado lina karatasi ya bei. Nafasi walikuwa wameshampa msichana mwingine, na siwalaumu, siku tisa si siku moja. Mpaka leo nikiona beseni la buluu sokoni napita upande wa pili.

Kwa miaka mingi nilizichukia nyota. Nilidhani Nge ndiye aliyenifungia mlango. Kisha, baba alipokuwa amekwishakufa, nilikumbuka kitu nilichokiona zile siku tisa bila kukielewa. Kila jioni alikwenda stendi kupokea mabasi ya kutoka Kampala, na hakuwa na mgeni. Siku moja nilimfuata. Nikamkuta amesimama ubavuni mwa basi, ametia kidole kwenye tundu la risasi, kidole kimeingia mpaka kwenye kifundo. Miaka ile mabasi yalipita kati ya Karuma na Pakwach kwa msafara wa wanajeshi, na waasi walikuwa wakivizia ile barabara. Baba yangu alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno machache. Hakuweza kumwambia binti yake, "Naogopa." Akamwita mwenye penseli amsemee.

Je, alikosea? Najiuliza bado. Abiria walikufa kweli barabarani. Na nilipopanda basi, nikiwa nimechelewa, ndipo nilipokaa kiti kimoja na baba yako. Siwezi kuilaani safari iliyokuleta wewe. Lakini siwezi pia kulisahau lile beseni.

Sitaki useme mama anazidharau nyota. Babu yako aliupenda msemo wa watu wa pwani, kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na watu walilima kwa kulitazama kundi hilo la nyota wakashiba. Na unakumbuka Pakwach, tarehe 3 Novemba 2013? Walitaja dakika, na dakika ileile jua likafunikwa, jioni ikawa usiku kwa sekunde kama ishirini, ukanibana mkono mpaka kucha zikaacha alama. Yule mwalimu wa sayansi tuliyesimama naye ndiye aliyetuambia kwamba siku za Kaa jua huwa bado limo kwenye Mapacha, kwa vile mhimili wa dunia unayumba polepole na tarehe zile zilipangwa zamani sana. Na kwamba Zebaki hairudi popote: hulizunguka jua kwa siku 88, hutupita kwa ndani, sisi ndio tunaoiona kama inarudi. Hutokea mara tatu au nne kila mwaka, wiki tatu hivi kila mara. Hesabu mwenyewe ni miezi mingapi ya kutotia saini. Saa haimpikii mtu, mwanangu.

Kwa hiyo swali lako la saa siwezi kulijibu, nami nina langu: unaogopa nini? Lisemee mwenyewe, usimwachie mwenye penseli. Kama ni mshahara wa Kampala, useme mshahara. Kama ni kurudi ukute baba hayupo barazani, liseme hilo, mimi pia hulikwepa kila jioni kwa kuingia ndani mapema.

Ukubali kazi au ukatae, sitakuambia. Nimeandika mstari hapa nikaukata, karatasi ikachanika kidogo, utaiona. Mimi niliamuliwa, na sitaki kuwa mwenye penseli kwako.

Ila chumba chako nimekipaka rangi mwezi uliopita, na sijampa mtu. Nakuambia ujue tu.

Mama yako