Orka na Mamaye: Maswali ya Wasomaji wa Malindi na Lamu

Tulipoandika juu ya nyangumi wa nundu wanaopita Malindi na Watamu wakati wa kusi, orka, yule mnyama mweusi na mweupe aitwaye pia nyangumi muuaji, tulimtaja kwa mstari mmoja tu. Barua nyingi zilizotufikia zilikuwa za huyo wa mstari mmoja. Tumechagua sita.

Nilikuwa nje na wageni tukivuta mishipi ya nduaro, mmoja akapiga kelele kuwa ameona orka. Mimi nimeona pezi jeusi tu, mara likazama. Nimjueje kwa yakini? Na nikimwona, niiweke vipi boti?
*Nahodha, Malindi*

Nahodha, anza kwa kumtoa papa. Mkia wa papa umesimama wima, hupiga kushoto na kulia, ndiyo maana pezi lake hukata maji kwa usawa bila kupanda wala kushuka. Mkia wa orka umelala, hupiga juu na chini. Mwili wake hubiringika kama gurudumu: kwanza pumzi, kisha mgongo, kisha pezi, halafu anazama. Ukisikia pumzi, huyo si papa.

Nyangumi wa nundu naye si mgumu kumtenga. Pezi lake la mgongoni ni dogo, kama kifundo, na mikono yake ni mirefu, karibu theluthi ya mwili mzima. Pezi la orka dume aliyekomaa hufika mita 1.8, refu kuliko watu wengi, nalo husimama kama mlingoti. La jike halifiki mita moja na limepinda kwa nyuma kama mundu. La dume kijana hufanana na la mamake, kwa hiyo usikate shauri kwa pezi pekee.

Angalia alama mbili. Nyuma ya jicho pana baka jeupe la mviringo mrefu. Wengi hulidhani ndilo jicho, kumbe jicho lenyewe ni dogo, liko mbele ya baka na chini yake kidogo. Nyuma ya pezi pana doa la kijivu lililokaa kama tandiko mgongoni mwa punda. Wako pomboo wakubwa weusi tititi wanaotembea kwa makundi nje ya mwamba, nao huwadanganya hata wazoefu. Hao hawana baka wala tandiko.

Hilo tandiko ndilo la kupiga picha. Mtafiti wa Kanada, Michael Bigg, alionyesha miaka ya 1970 kwamba kila orka hutambulika kwa umbo la pezi lake, mikato iliyo ukingoni mwake, na mchoro wa tandiko. Kabla ya hapo watu walidhani orka ni wengi kupita kiasi, maana walikuwa wakiwahesabu walewale mara kwa mara. Basi piga ubavu wa kushoto na wa kulia, pezi na tandiko vikiwa katika picha moja. Michoro ya pande mbili hailingani, na picha ya uso peke yake haimsaidii anayelinganisha. Andika saa, nukta ya GPS, idadi, kama kuna watoto, na wanaelekea wapi, kisha wapelekee KWS (shirika la wanyamapori) au KMFRI (taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi). Huku kwetu orka huonekana kwa nadra, kwa hiyo picha moja safi ina thamani kubwa.

Kuhusu boti: vuta mishipi yote ndani kwanza, kabla ya jambo lolote. Punguza mwendo ungali mbali, uende sambamba nao kwa ubavu. Usiwakatie njia mbele, usiwafukuze kwa nyuma, na usiingie katikati ya mama na mtoto. Usisogee ndani ya mita 100, na ukiweza kukaa mbali zaidi ni bora. Wakija wenyewe, weka gia huru uwaache wapite. Orka huwinda kwa sauti, na injini huifunika sauti yake. Kwa wale walao samaki aina ya samoni mpakani mwa Marekani na Kanada, imepimwa kwamba boti zikiwa ndani ya mita 370 hivi, majike huelekea kuacha kuwinda. Jike anayeacha kuwinda huenda ana mtoto anayesubiri maziwa.

Kwa nini aitwe nyangumi muuaji? Anaua watu?
*Mwalimu, Shela*

Jina lilianza kwa mabaharia wa Kihispania waliomwona akishambulia nyangumi wakubwa, wakamwita muuaji wa nyangumi. Katika kutafsiriwa, maneno yakageuka. Kwa nasaba yake ni pomboo, mkubwa kuliko pomboo wote. Katika bahari huru hakuna mtu anayejulikana kuuawa na orka. Waliouawa ni watu 4, wote ndani ya mabwawa ya maonyesho, na watatu kati yao walihusishwa na dume mmoja, Tilikum, aliyekamatwa angali mdogo. Mnyama wa kutembea na ukoo wake maisha yote, akafungiwa birikani na wasio wake: sisi hatushangai kwamba mambo yaliharibika.

Mwanangu amesoma kwamba orka dume hakai mbali na mamake mpaka afe. Kweli hiyo?
*Mama wa watoto watatu, Langoni*

Kweli, mama, hasa kwa wale walao samoni ambao wamefuatiliwa kwa zaidi ya miaka 50, mmoja mmoja, kwa picha. Kwao, si mtoto wa kiume wala wa kike anayehama. Kundi ni mama, wanawe, watoto wa binti zake, na mara nyingi bibi. Lamu nyumba ni ya binti, na mume ndiye anayehamia. Kwa orka hata mume hahamii: makundi yakikutana dume hupanda jike wa ukoo mwingine, kisha anarudi kwa mamake. Watoto wake mwenyewe hulelewa na wajomba zao.

Mimba yake ni ya miezi 15 hadi 18. Mtoto huzaliwa na urefu wa mita 2 na zaidi kidogo, na huweza kuzidi kilo 150. Hunyonya mwaka mmoja au miwili. Jike huacha kuzaa akifika miaka 40 hivi, na baada ya hapo anaweza kuishi miongo mingi, wengine hadi miaka 80. Wanyama wa namna hii ni wachache mno: binadamu, orka na jamaa zake wachache katika nyangumi wenye meno.

Anaishi kwa ajili ya nini baada ya uzazi kukoma? Hapa takwimu zinasema wazi. Mwaka 2012 watafiti walionyesha kwamba dume aliyepita miaka 30 akifiwa na mamake, hatari yake ya kufa katika mwaka unaofuata hupanda mara 14 hivi. Kwa binti wa umri huo ongezeko ni dogo sana kuliko hilo. Utafiti wa 2019 uliangalia wajukuu: mtoto akifiwa na bibi aliyekwisha kuacha kuzaa, hatari yake ya kufa ndani ya miaka miwili hupanda mara 4.5. Samoni wakiadimika, vikongwe ndio wanaotangulia mbele ya kundi, kwa sababu wanakumbuka samaki walipatikana wapi katika miaka ya shida. Hata samaki mmoja humkata vipande na kugawa.

Ila malezi hayo yana gharama, na gharama huangukia kwa mama. Kila mwana wa kiume aliye hai, hata akishaachishwa ziwa, hupunguza kwa karibu nusu nafasi ya mama kupata mtoto mwingine kila mwaka. Dume ni mzito, mara nyingine tani 6, anahitaji chakula kingi, na mama humgawia akiwa mtu mzima. Binti haonekani kumgharimu hivyo. Tukisoma hayo, lile pezi refu kama mlingoti tunaliangalia kwa jicho jingine: huyo si jemadari wa msafara, ni mtoto wa mtu.

Nasikia orka wa Afrika Kusini wanaua papa, wanachukua ini peke yake. Na wa Uhispania wanavunja sukani za vyombo. Hawa ni wanyama wamoja? Na sisi wenye majahazi tuogope?
*Fundi wa majahazi, Matondoni*

Fundi, la ini unalijua kuliko wengi. Ile sifa, mafuta mnayopaka mbao za chombo, inatoka wapi kama si katika ini la papa? Papa hana kibofu cha hewa kama samaki wengine. Anaelea kwa msaada wa mafuta ya ini, na kwa papa mkubwa ini huweza kuwa robo ya uzito wote. Ndilo pande lenye nguvu nyingi kuliko nyama yote ya mwili. Orka halipotezi.

Wanaojulikana sana kwa kazi hiyo ni madume wawili, Port na Starboard. Pezi la mmoja limelala kushoto, la mwenziwe kulia, ndiyo asili ya majina: kwa Kiingereza cha mabaharia port ni kushoto, starboard ni kulia. Mwaka 2017 mizoga ya papa weupe ilitupwa ufukweni Gansbaai ikiwa imepasuliwa kati ya mapezi mawili ya kifuani, ini halimo, sehemu kubwa ya mwili haijaguswa. Juni 2023, huko Mossel Bay, Starboard alionekana akimuua peke yake papa mweupe mchanga wa mita 2.5 kwa muda usiofika dakika mbili. Papa weupe waliobaki walihama eneo hilo.

Orka wa New Zealand wana ujuzi mwingine, na mvuvi yeyote aliyewahi kuchomwa na mwiba wa samaki taa atauheshimu. Orka hujigeuza chali kabla ya kumkamata taa, kisha hugeuka tena kukaa sawa, na kwa kugeuka huko taa anabaki tumbo juu. Taa aliyepinduliwa hulegea, mkia haupigi tena. Kule mpakani mwa Marekani na Kanada, walao samoni hawamgusi taa, wala sili, mnyama wa baharini anyonyeshaye, anayeogelea karibu yao. Walao sili nao hawahangaiki na samoni, ingawa maji ni yaleyale. Hawapandani. Mwaka 2024 baadhi ya wataalamu walipendekeza wahesabiwe kuwa spishi mbili mbali. Orka hazaliwi akijua chakula chake, hufundishwa.

Kwa hiyo jibu la sukani ni hilohilo. Tangu 2020 orka wa Uhispania na Ureno, ambao hawafiki 50, wamekuwa wakisukuma sukani za boti za matanga, na vyombo kadhaa vimezama. Wengi wa wanaofanya ni vijana, na wataalamu wanaliona kuwa ni mchezo ulioenea ndani ya ukoo mmoja. Mwaka 1987 orka walao samoni walizusha mtindo wa kubeba samoni mfu kichwani. Ukaenea kwa makundi mengine, kisha ukaisha. Usukani wa boti hizo za Ulaya mara nyingi huning'inia chini ya chombo kwa nguzo moja tu, bila kushikwa popote pengine, na nguzo ikipinda huweza kupasua sakafu, maji yakaingia. Wa jahazi umekaa kwenye rumada, bawaba zake, umeegemea fashini, ule mti wa nyuma wa chombo. Kubwa zaidi, mchezo ule ni wa koo za kule. Hakuna sababu ya kuhofia hapa.

Je, orka wote wana lugha moja?
*Mwanafunzi, Malindi*

Hapana. Wana sauti za aina tatu: mipigo mifupi ya kutafutia njia na mawindo, miluzi, na miito. Mipigo hutoka kichwani kupitia uvimbe wa mafuta wa kwenye paji, ikigonga kitu mwangwi hurudi, na mafuta yaliyo ndani ya taya la chini huupeleka sikioni. Miito ndiyo lahaja. Kila kundi lina orodha yake, mtoto huipata kwa mamake, na makundi yenye asili moja hushiriki baadhi ya miito, kama mtu wa Pate na mtu wa Amu wanavyosikilizana huku kila mmoja akimjua mwenziwe ni wa wapi. Walao sili huwinda kimya, kwa kuwa sili ana masikio makali. Walao samoni hupiga kelele watakavyo, maana samoni haisikii mipigo ile.

Pomboo mkubwa au nyangumi akikwama ufuoni, sisi wa BMU (kikundi cha kusimamia ufuo) tufanye nini kabla wataalamu hawajafika?
*Mwanachama wa BMU, Ngomeni*

Pigeni simu KWS kwanza, kabla ya kumgusa. Msimvute kwa mkia: mifupa ya uti huachana. Kama amelala ubavu, mrudisheni polepole akae juu ya tumbo, kisha chimbeni mashimo chini ya mapezi mawili ya kifuani yasibanwe na uzito wake. Adui wa kwanza ni joto. Amevaa mafuta mazito chini ya ngozi, na juani hujipika mwenyewe. Mfunikeni kwa leso au mashuka yaliyoloweshwa maji ya bahari, mumwekee turubai la kivuli. Tundu la pumzi juu ya kichwa liachwe wazi kabisa, pasiingie maji wala mchanga. Msimame mbali na mkia, na msiinamie tundu lile, maana pumzi yake huweza kubeba vijidudu. Watoto na mbwa wawe mbali, sauti ziwe chini.

Akifa, asigawanywe. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inamlinda, na nyama na mafuta ya wawindaji wa juu kama orka hukusanya zebaki na sumu za viwandani kwa miaka. Pigeni picha za pande zote mbili, na pimeni urefu kutoka ncha ya taya la juu hadi penye mkato wa katikati ya mkia. Kamba ya kupimia inyooshwe ubavuni pake, isipandishwe juu ya mgongo, kwani ikifuata mviringo wa mwili kipimo huzidi.