Mapezi meusi ya Skjervøy: orka au nyangumi wa nundu?

Ndugu, umeuliza kama mapezi meusi uliyoyaona Desemba pale Skjervøy, kaskazini mwa Norwei, ni ya orka (yule mnyama wa baharini mweusi kwa mweupe, wa jamii ya pomboo). Anza na pezi la mgongoni. Dume aliyekomaa ana pezi lililosimama wima, linaweza kufika mita 1.8, hilo hulikosei hata kwa mbali. Majike na watoto ndio wanaosumbua, maana pezi lao ni fupi na limepinda kwa nyuma. Hapo tafuta baka la kijivu nyuma tu ya pezi, na doa jeupe juu ya jicho akiinua kichwa.

Nyangumi wa nundu (aina ileile inayopita Watamu, pwani ya Kenya) naye hufuata samaki aina ya heringi humo humo, ila kipezi chake ni kidogo sana na mara nyingi huinua mkia akizama.

Majira hayo jua halichomozi kabisa, kuna mwanga hafifu saa chache za adhuhuri. Shakwe wakijazana mahali pamoja, elekeza darubini hapo. Ukipiga picha, ichukue ubavuni: watafiti humtambua kila orka kwa lile baka na mikato ya ukingo wa pezi.