Kabla Hujampandisha Mtoto Basi la Newala

Juma lililopita msomaji mmoja wa Chuno, Mtwara mjini, aliniandikia. Ana mtoto wa miezi minne, baba wa mtoto ana pumu, na mahali fulani amesoma kwamba watoto wanaokulia shambani hawaugui pumu. Anauliza: mtoto akishaacha ziwa, ampeleke kwa bibi yake Newala akakae na mbuzi?

Mama mwenzangu, swali lako limegusa kidonda changu. Habari hiyo nimeiishi, na walionicheka kwa ajili yake sijawasahau.

Wangu wa kwanza alizaliwa Mtwara mjini. Nyumba ya marumaru, madirisha yana nyavu, deki asubuhi na jioni na dawa ya kuua vijidudu ndani ya ndoo. Udongo aliujua alipoanza kutembea. Hajatimiza miaka mitatu, kifua kikaanza kumbana. Usiku wa pumu, aliyeukesha anaujua, siusimulii.

Kisha nikapata uhamisho kwenda shule moja ya kijijini wilaya ya Tandahimba, nikiwa na mimba ya pili. Nilipanga vyumba viwili kwa bibi mmoja mwenye mbuzi, bata, na kuku ambao hata yeye hakujua idadi yao. Likizo ya uzazi ilipoisha, bibi huyo ndiye aliyenilelea. Nikiwa darasani, yeye anamfunga mtoto mgongoni kwa kanga na kuingia naye bandani kufagia mavi ya mbuzi, huku akimwimbia. Mtoto alijifunza kutambaa palepale uani, kuku huku, mbuzi kule. Wifi yangu alipokuja kututembelea alishika kiuno: "Mwalimu mzima, mtoto unamlea kama kifaranga!" Akarudi mjini kuwatangazia ndugu kwamba usafi umenishinda. Hata kwenye harusi ya ukoo niliulizwa, mbele ya watu, kama mtoto ameshaota manyoya.

Leo yuko darasa la tano, na kifua hakijawahi kumbana. Wifi hajasema kitu. Nasubiri.

Haya, watoto wawili wa mama mmoja si ushahidi. Ushahidi uko kwingine. Mwaka 2001 watafiti walichapisha matokeo ya watoto wa vijijini Austria, Ujerumani na Uswisi. Walioingia mabandani na kunywa maziwa ya shambani kabla ya kutimiza mwaka mmoja, wenye pumu walikuwa asilimia 1. Wale walioanza mambo hayo kati ya mwaka mmoja na mitano walikuwa asilimia 11. Soma tena hapo penye mwaka mmoja. Wewe unasema akiacha ziwa, yaani karibu miaka miwili. Kwa hesabu hiyo utakuwa umechelewa, na mtoto atakuwa amemkosa mama juu yake.

Jambo la pili watu wengi hulikosea: wanadhani shamba lolote linatosha. Kule Marekani kuna jamii mbili za wakulima, Amish na Hutterites, asili yao wote ni Ulaya na maisha yao yanafanana sana. Amish wanalima kwa farasi, na zizi liko karibu na nyumba. Hutterites wana mashamba makubwa ya mashine, mifugo iko mbali na watoto. Utafiti uliotoka mwaka 2016 ulionesha pumu kwa watoto wa shule wa Amish ni kama asilimia 5, kwa wenzao asilimia 21. Vumbi la nyumba za Amish lilikuwa na mabaki ya bakteria mara 6.8 zaidi, na panya waliovutishwa vumbi hilo walikingwa dhidi ya dalili kama za pumu. Kwa hiyo kinachosaidia ni wanyama walio jirani, kila siku, tangu uchanga, mpaka kinga ya mwili izoee kutopambana na kila kitu kinachoingia puani. Kukaa na uchafu tu hakumkingi mtu.

Sasa turudi kwetu, maana Newala si Austria. Kusini hatukuwa watu wa ng'ombe, mbung'o hawakuturuhusu, na wengi wa ng'ombe mnaowaona leo Lindi wamekuja na wafugaji miaka ya karibuni. Maziwa mabichi usithubutu kumpa mtoto, hata kama yamesifiwa huko Ulaya. Yanaleta ugonjwa wa brusela na kifua kikuu. Chemsha.

Halafu kuna salfa. Kuanzia Juni hivi mikorosho inapochanua, mashine zinapuliza unga wa salfa kuua ubwiriunga, ule ukungu mweupe wa mikorosho, na asubuhi kijiji kizima kinanukia. Kule California watafiti walichapisha mwaka 2017 kwamba watoto wanaoishi karibu na mashamba yanayopuliziwa salfa mapafu yao yana nguvu ndogo zaidi na dalili za pumu ni nyingi zaidi. Hilo nalo ni shamba! Bibi yangu wa Tandahimba alikuwa akisikia mashine tu, mtoto ndani, dirisha limefungwa. Hakusoma popote. Na moshi wa mafiga ni vilevile: kumbeba mtoto mgongoni huku unapuliza kuni ni kumpa nimonia kwa mkono wako. Ninyi mnaosifu maisha ya kijijini kwenye simu, mnapika nje au ndani? Jibuni kwanza.

Wenye watoto wanaougua tayari, nasema kwa sauti: mbuzi hatibu pumu. Wangu wa kwanza nilihamia naye kijijini na bado dawa yake ya kuvuta ilikuwa inatembea mfukoni mwangu. Msiache dawa za kliniki kwa sababu ya makala, hata hii.

Kwako wa Chuno: mnyonyeshe, maziwa yako peke yake mpaka miezi sita. Usimtume. Nenda naye, mtoto mgongoni mwako, mapema kabla salfa haijaanza, mkae na bibi kadiri likizo inavyoruhusu. Mkirudi mjini, kuku wawili watatu wa kienyeji uani hawahitaji eneo kubwa. Wakilala, wawe na banda lao, si chumba cha mtoto. Na mikono inawe kabla ya kula, hilo hata Amish wanafanya.