Kabla ya Kutandaza Mbao Juu ya Zege, Mimina Maji Kwanza

Wiki iliyopita dada mmoja wa Kitengela aliniandikia akiuliza kama anaweza kutandaza mbao juu ya zege kuukuu lililo nyuma ya nyumba yake, mahali palipokuwa na tangi la maji, ili apate sehemu ya kukaa na jamaa zake jioni. Fundi wake amemwambia kwamba kazi hiyo ni ya siku mbili. Niliposoma maneno hayo moyo ulinipiga, kwa sababu ahadi hiyohiyo nilipewa mimi mwaka 2021, na gharama yake niliilipa mbele ya mtu ambaye sikutaka kabisa anione nikiaibika.

Nyuma ya nyumba yetu hapa Lang'ata kuna zege la futi 14 kwa 10, sakafu ya banda lililobomolewa kabla hatujahamia. Sote wenye kipande cha bustani katika Nairobi tunaitamani picha ileile: mbao safi chini ya miguu, viti vinne, jiko la makaa pembeni na nyama ikichomeka huku jua likizama upande wa Ngong. Basi mwezi wa Februari, wakati wa kiangazi, nilinunua mbao za sita kwa moja na boriti za nne kwa mbili, fundi akaja Ijumaa, na kufikia Jumapili tulikuwa tumekaa juu ya sakafu yetu. Sikupima chochote. Fundi alizigongomea boriti moja kwa moja kwenye zege, akazibananisha mbao bila kuacha nafasi kati yake, kisha akapaka oili chafu ya gari na kuniahidi kwamba mchwa hawatasogea. Nilijivuna mno. Picha nilizituma kwa ukoo mzima.

Mvua ya masika ilipoanza, mbao zilivimba na, kwa kuwa hazikuwa na pa kupanukia, zikainuka katikati kama mgongo wa kobe. Nilijiambia kwamba zitarudi, na kiangazi kilipofika zilirudi kweli. Hilo ndilo lililonipumbaza, maana uharibifu wenyewe ulikuwa chini, nisikokuona. Novemba ya mwaka uliofuata mama mkwe alikuja kututembelea kutoka Nyeri. Nilikuwa nimemwekea kiti mahali pa heshima. Kabla hajakifikia, ubao ulikatika, mguu wake ukazama hadi juu ya kifundo, akachubuka vibaya kwenye muundi. Alichosema ni, "Usijali, mwanangu, nimepona." Lakini mimi, ambaye kwa desturi zetu hata maneno huyachagua mbele yake, nilikuwa nimepiga magoti nikiutoa mguu wake kwenye mbao zilizooza. Hilo halijanitoka moyoni hadi leo.

Nilipoing'oa sakafu yote ndipo nilipoelewa. Zege lile lilionekana tambarare, kumbe lilikuwa limeinama kuelekea ukuta wa nyumba kwa inchi moja na nusu, na boriti zilikuwa zimelazwa kukingama mteremko, hivyo kila moja ilizuia maji nyuma yake kama bwawa. Zege nalo hunyonya maji na kuyatoa polepole, kwa hiyo boriti inayoligusa huendelea kuwa na unyevu siku nyingi baada ya mvua kukatika, na hapo ndipo kuvu wanaoozesha mbao hustawi. Oili ilikuwa imekaa juujuu tu. Plasta ya sebuleni upande ule ilikwisha kuanza kubambuka. Sikumpigia fundi simu kumlaumu, kwani pimamaji nilikuwa nalo kabatini na sikulitoa.

Kwa hiyo anza na maji. Mimina ndoo tano au sita kwenye zege, subiri nusu saa, kisha zungushia chaki kila dimbwi linalobaki na utazame maji yameelekea wapi. Mimi nililazimika kukata ukanda wa futi moja wa zege kando ya ukuta, nikachimba mfereji wenye kokoto na bomba la matundu unaopeleka maji bustanini. Boriti mpya nilizilaza kufuata mteremko, zikiwa zimekalia vipande vya raba nilivyokata kwenye tairi kuukuu ili maji na hewa vipite chini yake, na upande wa bondeni niliongeza raba hadi pimamaji likatulia. Sikupigilia chochote kwenye zege. Mtaa wetu una udongo mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi, zege huinuka na kushuka pamoja nao, na fremu iliyokaa kwa uzito wake yenyewe haivutwi wala kuchanika.

Kwa mbao nilikwenda Gikomba mara tatu. Chagua paini iliyotiwa dawa kwa mtambo, ile yenye rangi ya kijani, na kila unapoikata upake dawa tena kwenye mkato, kwa kuwa dawa haifiki kwenye kiini. Boriti ziachane inchi 16, au 14 ikiwa mbao zimepunguzwa na randa. Kati ya ubao na ubao niliweka msumari wa inchi 6 kama kipimo, ambao unene wake ni karibu milimita 6. Nilifunga kwa skrubu zisizoshika kutu, kwa sababu dawa yenye shaba hula chuma cha kawaida, na kwa sababu ubao wa skrubu unaweza kufunguliwa ili uchungulie chini. Siku nne za msasa na mafuta sitazisimulia.

Ndugu zangu, tunapenda sana kinachoonekana. Tunachagua rangi, tunawaza wageni watasema nini, na fundi anayetaka kupima kwanza tunamwona mpoteza muda. Mpe muda huo, na umlipe. Akuhakikishie kwamba uso wa sakafu uko angalau inchi 6 chini ya dipisii ya nyumba, yaani tabaka la ukutani linalozuia unyevu wa ardhini usipande, na kwamba kifuniko cha shimo la majitaka hakizibwi na mbao zisizofunguka.

Dada wa Kitengela, udongo wenu ni uleule mweusi, na zege la tangi mara nyingi huwa limedidimia katikati. Sasa ni Agosti, na mvua ya vuli huanza Oktoba, hivyo muda unao. Jumamosi mimina maji, zungushia madimbwi chaki, uyapige picha na unitumie kabla hujanunua hata futi moja ya mbao.