Kikohozi kimekoma, lakini dawa za kifua kikuu bado zina kazi

SWALI: Shikamoo Daktari. Mdogo wangu ni mvuvi hapa Tanga, na ana miezi mitatu tangu aanze dawa za kifua kikuu. Kikohozi kimekwisha, mwili umerudi, na makohozi yaliyopimwa mwishoni mwa mwezi wa pili hayakuonekana na vimelea. Sasa ni wiki mbili hajameza kidonge. Anasema amepona, dawa zinaunguza ini, na huko dago, kwenye kambi ya wavuvi, ameuziwa chupa ya kusafisha mapafu. Alielezwa kila kitu siku ya kwanza na anaujua ugonjwa vizuri. Tumfanyeje? (Msomaji wa Sahare, Tanga)

JIBU: Marahaba, dada yangu. Maswali kama lako huyapata mara kwa mara, na karibu yote yana maneno yale yale ambayo hunitia uchungu: "anaujua ugonjwa vizuri". Mdogo wako anajua kwamba kifua kikuu huambukizwa kwa hewa, kwamba kinatibika, na kwamba dawa hutolewa bure kwa miezi sita. Hayo aliyasikia siku alipokuwa na homa, amekonda, na hataki kusikia lolote ila kwamba atapona. Elimu inayomfanya mtu ameze kidonge mwezi wa nne, akiwa na nguvu zake zote za kuvuta nyavu, ni nyingine kabisa, nayo mara nyingi hakuna aliyempa: dawa hizo hufanya kazi gani baada ya kikohozi kukoma.

Vimelea vya kifua kikuu havifi vyote kwa pamoja. Vile vinavyozaana upesi hufa katika wiki za mwanzo, na hapo ndipo homa hushuka, kikohozi hupungua na hamu ya kula hurudi. Vingine hubaki vimejibanza ndani ya mapafu, vikizaana polepole mno au vikiwa kama vimelala, na hivyo ndivyo vinavyofuatwa na vidonge vya miezi minne ya mwisho, rifampisini na isoniazidi, ambavyo mgonjwa huviona havina maana tena. Kuhusu makohozi, ili darubini ionyeshe kimelea, kwa kawaida mililita moja inapaswa kuwa na vimelea kati ya 5,000 na 10,000. Kwa hiyo jibu alilopewa mwezi wa pili ni habari njema ya kwamba tiba inakwenda vizuri, wala si cheti cha kupona.

Muda huo wa miezi sita haukukisiwa. Katika majaribio yaliyofanyika Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo, katika miaka ya 1970, ilionekana kwamba rifampisini ikitumiwa, tiba iliyokuwa ikichukua mwaka mzima au zaidi inaweza kukamilika kwa miezi sita. Dawa za wakati huo zilipofupishwa hadi miezi minne, ugonjwa uliwarudia watu wengi zaidi. Ukirudi kwa mtu aliyekuwa akimeza na kuacha, unaweza kurudi ukiwa sugu, na kifua kikuu sugu hutibiwa kwa dawa nyingine zenye madhara mazito zaidi.

Mdogo wako arudi kliniki kesho asubuhi akiwa na kadi yake ya matibabu. Asianze tena dawa kwa uamuzi wake, wala asimeze vidonge maradufu kufidia siku zilizopita, kwa sababu hatua inayofuata hutegemea idadi ya siku alizokosa na hali ya makohozi yake sasa. Aeleze pia safari zake za dago, ili wapange pamoja jinsi atakavyochukua dawa za siku hizo na nani katika chombo atamsimamia akimeza.

Nabaki na muuza chupa. Mzee mmoja aliwahi kuniletea mkojo wake katika chupa ya maji, una rangi ya chungwa, naye ameacha dawa siku kumi kwa sababu jirani alimwambia ini linayeyuka. Rangi ile ni ya rifampisini, haina madhara, na dakika moja ya maelezo siku ya kwanza ingemwokolea siku hizo kumi. Watu wanaouza chupa huishi kwa kutegemea dakika hiyo ambayo sisi wahudumu hatukuitoa, na jambo hili linaniudhi kwa pande zote mbili.

Ni kweli kwamba dawa za kifua kikuu huweza kuliathiri ini kwa baadhi ya wagonjwa. Dalili zake ni macho kuwa ya manjano, kutapika kusikokoma, maumivu ya tumbo upande wa kulia juu, na mkojo mweusi kama chai ya rangi. Anayeziona asimeze dozi inayofuata, afike hospitali siku hiyo hiyo. Pombe huongeza hatari hiyo, na mizizi isiyojulikana iliyochemshwa pia inaweza kuliumiza ini, kisha lawama zote zikaangukia vidonge vya hospitali. Kwa hiyo yeyote aliye kwenye dozi na amekwisha kunywa kitu cha namna hiyo aje na chupa yenyewe kliniki, aiweke mezani na aseme ameinywa kwa siku ngapi. Hatutamgombeza, ila tunahitaji kujua.