Mlioanza kazi ya tiketi Lamu, kilomita si masaa

Nyinyi mlioingia kazi ya kukata tiketi juzi juzi, mteja akiuliza Nairobi ni mbali kiasi gani hataki kilomita jamani, anataka kujua atoke nyumbani saa ngapi na afike saa ngapi. Hilo ndilo mtakalojibu kutwa nzima.

Mstari ulionyooka kutoka uwanja wetu wa Manda hadi Nairobi ni kama kilomita 450, kutoka Malindi hadi Nairobi ni kama 410. Sasa msichukue kalkuleta mkagawanya kwa spidi ya ndege. Ile ndege ndogo ya Caravan ya injini moja ikishatulia juu inakwenda kama kilomita 330 kwa saa, zile Dash za injini mbili zinaipita mbali, kwa hivyo masafa ni yaleyale lakini moja inaeza kula saa moja na nusu na mwenzake saa moja na kidogo, na bado kuna kupanda, kushuka, kuzunguka kungoja kiwanja, pengine inapitia Malindi kwanza. Masaa yaliyoandikwa kwa tiketi huhesabiwa tangu ndege inapotoka ilipoegeshwa mpaka inaposimama kabisa, basi yaaminini hayo kuliko zile tovuti zinazopima masafa peke yake.

Upepo nao una lake. London na New York ni kilomita 5,500 na ushee, lakini kwenda New York huchukua karibu saa moja zaidi kuliko kurudi kwa sababu kule juu upepo watoka magharibi.

Halafu uwanja uko kisiwa cha Manda, sio Lamu, na mgeni hajui mpaka umwambie. Boti yenyewe ni dakika chache tu ila mpe muda wa kutosha, maji yakiwa yamekupwa zile ngazi za chini za gati zina utelezi na mama mzee mwenye mabegi mawili hawezi kukimbizwa pale, naomba sana muwafikirie watu kama hao.

Panapoumiza watu zaidi ni kuunganisha ndege. Mtu ana ndege ya London kutoka JKIA, ule uwanja mkubwa wa kimataifa wa Nairobi, usiku, wewe umemkatia ya Manda inayotua Wilson, uwanja mwingine wa Nairobi, kwenye karatasi yaonekana ana masaa matatu, raha mustarehe. Wilson na JKIA ni viwanja viwili mbalimbali! Atachukua mzigo wake, atafute teksi, akutane na jemu ya Nairobi ya jioni, na kule JKIA wanataka awe amefika masaa matatu kabla ya ndege kuondoka. Hayo masaa yameisha kabla hajafika mlangoni. Mkatie ya asubuhi, au ile inayotua JKIA kwenyewe, hata kama ni ghali kidogo mweleze kwa nini, ataelewa.

Na saa za tiketi ni za mji husika. Ya Dubai ikisema yaondoka Nairobi 16:35 na kufika 22:35, safari ni masaa matano sio sita, Dubai wako mbele yetu kwa saa moja.

Ukimtumia mteja wotsap andika 16:35 na chini yake saa kumi na dakika thelathini na tano jioni, pamoja na siku na tarehe, hasa zile ndege za baada ya saa sita usiku maana hapo ndipo watu huenda uwanjani siku imeshapita.