Binti Yako Yupo Depo, Wewe Nyumbani Unafanya Nini?

Kila mwaka majina ya vijana wa kidato cha sita wanaokwenda JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, yakitoka, simu yangu hujaa ujumbe wa kina mama wa Igogo na Mabatini, mitaa ya Mwanza. Wengine watoto wao wanakwenda kwa kujitolea. Wachache watoto wao wameshavuka hatua hiyo, wanasubiri kwenda Kihangaiko kuwa askari kamili. Hawaniulizi habari za kwata. Wanauliza wao wazazi wafanye nini.

Mimi, binti wa Mwanza, nilipita kambi ya JKT Rwamkoma, kule Mara, kama kijana wa kujitolea, baadaye nikawa kuruta, yaani askari mwanafunzi, wa Jeshi la Wananchi (JWTZ) Kihangaiko, pale Msata mkoani Pwani. Nitakayoyasema ni ya mtu aliyekuwa ndani ya depo, yaani kambi ya mafunzo, akisubiri habari za nje. Na jibu langu kwa kina mama ni hili: nyumba iendelee kuwa nyumba, na yeye ajue kwamba inaendelea.

Kwanza tuelewane kuhusu anakokwenda, maana watu wanachanganya. Wanaokwenda kwa mujibu wa sheria ni wahitimu wa kidato cha sita. Utaratibu huo ulisitishwa mwaka 1994, ukarejeshwa 2013, na siku hizi ni miezi mitatu, kisha kijana anaendelea na safari ya chuo. Wa kujitolea wanakaa miaka miwili. JKT yenyewe husema wazi kwamba kujitolea si ajira wala si ahadi ya ajira. Kwa hiyo baba, usiuze ng'ombe wala usiwatangazie majirani kwamba binti "amepata kazi". Ukishatangaza, yeye ndiye atakayebeba aibu yako akirudi na cheti bila mshahara.

Maandalizi yana sehemu nyepesi na sehemu nzito. Nyepesi ni vifaa, kwa sababu tangazo huorodhesha kila kitu: bukta ya bluu iliyokolea yenye mpira kiunoni, fulana ya kijani, raba, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, trakisuti, nauli ya kwenda na kurudi. Fuata rangi kama zilivyoandikwa, usibuni. Raba zinunuliwe mapema azivae nyumbani mpaka zizoee mguu, kwa sababu lengelenge la siku ya pili ni adui mkubwa kuliko afande yeyote. Wa kike aongeze taulo za kike za kutosha, na rasta azifumue nyumbani, nywele hazitabaki. Mama yangu alinifungia sangara wa kukaanga wa kunitosha wiki nzima. Hakuvuka usiku wa kwanza. Hanga zima, yaani bweni letu lote, lilisikia harufu.

Mazoezi msinisumbue. Mtoto wa Mwanza ana vilima kila upande, apande Bugando kila asubuhi na ashuke, mwezi mmoja tu ataona tofauti.

Sehemu nzito ni afya. Huku Kanda ya Ziwa selimundu, hii tunayoiita siko seli, imo katika koo nyingi, na wapo wanaobeba vinasaba vyake bila kujua. Nenda naye hospitali akapimwe kabla hajaondoka. Kama ana pumu, kifafa, au alivunjika mguu akiwa darasa la sita, aseme siku ya ukaguzi wa afya. Nimewaona wazazi wakimnong'oneza mtoto getini, "usiseme, watakurudisha." Mzazi, mchakamchaka wa alfajiri utamsemea, na utamsemea vibaya.

Sasa twende kambini, ili mwelewe kwa nini nasisitiza habari za nyumbani. Saa kumi alfajiri filimbi. Mchakamchaka na chenja, zile nyimbo za kukimbilia, koo likauke. Usafi, chai, kwata: mguu pande, mguu sawa, geuka nyuma, tena, tena. Fatiki, yaani kazi za mikono, shambani au kwenye ujenzi. Jioni gwaride, usiku lindo. Mmoja akikosea, platuni nzima inapiga pushapu. Ukiwa mgeni unaona ni uonevu. Baada ya muda unagundua kwamba umeanza kumwangalia mwenzako kama kifungo cha shati lake kimefungwa kabla hujaangalia chako, na hapo ndipo mafunzo yalipokuwa yanakupeleka. Kichwa cha mtu anayeishi hivyo hakina chumba cha ziada. Ukimrundikia mzigo wa ukoo, kitu kimoja kitaanguka, na mara nyingi ni yeye.

Sisi tuliruhusiwa kupiga simu kwa zamu, kwa dakika chache, na yapo majuma ambayo hakuna simu kabisa. Wazazi wengi huzitumia dakika hizo vibaya. Mama yangu anauza dagaa Mwaloni Kirumba, hajui lolote kuhusu jeshi, lakini hakuna aliyenisaidia kama yeye. Hakuwahi kuniuliza kama nateseka. Aliuliza, "Umekula nini?" Nikijibu ugali na maharage, anacheka, mtoto wa ziwani kaachishwa samaki. Kisha ananisomea habari zake: bei ya gunia imeshuka, mvua imelowesha dagaa juu ya chanja, mdogo wangu kachapwa kwa kuogelea ziwani, mama fulani wa kanisani kavaa kofia ya ajabu. "Haya mwanangu, wabeja, nenda kazini kwako." Wabeja ni asante ya Kisukuma. Anakata yeye kabla muda haujaisha.

Akishakata, mimi najisikia mtu mwenye kwao.

Kuna jambo jingine aliloniachia bila kukusudia. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka hawakusanyiki kwenye mwanga, mitumbwi inapumzika, na wanawake wa Mwaloni wanapata siku chache za kukaa nyumbani. Kwa hiyo nilianza kuomba zamu yangu ya simu kwa kuutazama mwezi. Wenzangu walipiga simu zikapokelewa katikati ya kelele za soko, mimi nilimpata mama amekaa. Na wewe mwambie mtoto wako mapema saa na siku unazopatikana vizuri, kisha simu yako iwe na chaji.

Pembeni yangu alilala msichana ambaye kila simu ya kwao ilikuwa kesi. Kaka kakamatwa, shangazi kagombea kiwanja, baba hataki kulipa ada ya mdogo wake, "wewe ndiye tegemeo letu." Kuruta tegemeo la nani? Asubuhi iliyofuata anageukia kushoto wakati sisi wote tuko kulia, na platuni inalala chini kupiga pushapu kwa sababu ya kiwanja ambacho hakuna kati yetu aliyewahi kukiona. Usiku mmoja alifunga begi lake. Tulikaa naye watatu mpaka kukapambazuka. Alimaliza mafunzo, na ni askari mzuri, lakini alimaliza kwa kuacha kupiga simu kwao. Sijui kama wazazi wake wanajua kwa nini.

Hapo mtauliza, je, tumfiche mambo? Hapana. Kuna ugomvi wa jikoni na kuna msiba. Bibi yangu mzaa mama alifariki nikiwa Kihangaiko. Bibi huyu hakutaka kabisa niende jeshini. Mwaka 1979, wakati wa vita vya Kagera, ndege ya Libya iliyokuja kumsaidia Amin ilitaka kuipiga Mwanza, ikakosea shabaha, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane yakaua swala. Yeye alikuwa mjini siku hiyo, na kwake jeshi lilibaki kuwa ni ule mshindo. Alipofariki, wapo ndugu waliosema nisiambiwe mpaka nimalize. Baba alikataa. Alipiga namba tuliyoacha nyumbani, akazungumza na wakubwa wangu kwa heshima, nikaitwa ofisini nikaambiwa nikiwa nimekaa kwenye kiti. Kuzika sikuwahi. Lakini nililia siku ileile ambayo kwetu walilia, na kombania yangu iliniimbia. Ningeambiwa baada ya miezi, ningemlilia nani?

Kwa hiyo kabla hajaondoka hakikisheni mnajua njia sahihi ya kufikisha taarifa nzito kambini, na mteue mtu mmoja tu wa kuifikisha. Shangazi, mjomba na jirani wakipiga kila mmoja na toleo lake, mtamwumiza zaidi. Na msitafute mkubwa mnayemfahamu "amwangalie kidogo" mtoto wenu. Upendeleo hanga zima huunusa, kama lile sangara langu.

Tahadharini pia na matapeli. Mama alipigiwa simu na mwanaume aliyejiita daktari wa kambi, eti nimeanguka, atume hela ya matibabu haraka. Mama akamwuliza jina langu la katikati. Simu ikakatwa. Wako pia wanaouza "nafasi" za jeshi, mara laki kadhaa, mara milioni. Nafasi hazinunuliwi, jeshi limeshasema hivyo mara nyingi, na hela ikishatumwa hairudi.

Kuhusu mabinti, mtaani kwetu waliuliza nani atamwoa askari. Baba alijibu kwamba binti yake bado hajatafuta mchumba, ametafuta viatu namba thelathini na nane. Baba yangu si mtu wa maneno mengi, ile sentensi nilitembea nayo.

Siku ya kufunga mafunzo, anayeweza aje. Kwa Kihangaiko kutoka Mwanza ni safari ya basi la kwenda Dar es Salaam, unashuka Chalinze, unachukua gari la kwenda Msata. Tarehe ithibitisheni na kijana mwenyewe kabla ya kukata tiketi, kwa sababu hubadilika. Watu wawili wanatosha, familia nzima mtamaliza akiba ya kumpokea akija likizo.

Akija likizo ataamka saa kumi, atatandika kitanda cha kila mtu, atakula kabla hamjanawa. Mwacheni, itapungua. Ila ndugu wadhibitini nyinyi wazazi, kwa sababu yeye bado ni mgeni wa mshahara na hajui kukataa. Wiki niliyovaa kombati kwa mara ya kwanza, mjomba wangu mmoja alipiga akitaka nimchangie injini ya mtumbwi. Mama ndiye aliyempokelea simu, na aliyomjibu siwezi kuyaandika hapa.